Baba watoto huwaonyesha wageni tembo, lakini mimi nikitaka kwenda Chobe ananuna

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, fundi cherehani, na ninaishi pembezoni mwa jiji la Arusha pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume wangu ni dereva wa watalii. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na tisa sasa, na nimeanza nayo kwa sababu ndiyo kiini cha barua hii, ingawa ukiendelea kusoma unaweza kudhani kwamba ninalalamikia tembo.

Katika miaka yote hiyo sijawahi kuingia hifadhini hata siku moja. Hifadhi ninazijua kwa vumbi lake. Anaporudi baada ya siku kumi porini, mimi ndiye ninayefua zile nguo za kaki, na nikiona maji yamekuwa ya kijivu kama yaliyooshewa jivu ninajua alikuwa Ndutu, na yakiwa mekundu ninajua kwamba alilala Karatu. Mfukoni mwa shati huwa kuna bahasha ya tipu, na mara nyingine kadi iliyoandikwa kwa mkono, ambayo binti yetu wa kidato cha nne hunitafsiria: kwamba wageni hao hawataisahau asubuhi walipoonyeshwa chui na mwanawe juu ya mti, na kwamba dereva wao ana subira isiyo na kifani. Ninafurahi, Mshauri, sitasema uongo. Lakini binti akishamaliza kusoma huwa ninakaa kimya. Majirani huniuliza iwapo ni kweli simba hulala mchana kutwa, nami huwajibu kwa yale niliyoyasikia sebuleni kwangu, kama mtu anayesimulia harusi ambayo hakualikwa.

Nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, miaka kumi na minne iliyopita, aliniahidi kwamba nikishajifungua atanipeleka Ngorongoro. Tangu hapo kumekuwa na msimu wa wageni, kisha gari la ofisi ambalo haliruhusiwi kubeba familia, kisha masika na tope lake, kisha ada za shule. Sikuwahi kugombana naye kwa hilo. Nilinyamaza, na labda hapo ndipo nilipokosea.

Mimi ni mwanachama wa kikoba cha wanawake kumi na wawili. Miaka mitatu iliyopita tulikubaliana kwamba mbali na hisa na mfuko wa jamii, kila mmoja aweke fungu dogo la matembezi. Mwenzetu mmoja, ambaye kaka yake anafanya kazi Lusaka, alikuwa ameyaona Maporomoko ya Victoria, akatusimulia kwamba wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Tulicheka kusikia kwamba kumbe hata huko moshi unakaribia kuitwa moshi. Basi tukaazimia kwenda huko. Tumepangiwa siku nne katika wiki ya kwanza ya Oktoba: basi hadi Nairobi, kisha ndege, usiku tatu katika mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe, jioni moja ya mashua katika Mto Zambezi, na siku moja ya kuvuka mpaka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Chobe, Botswana, kuwaona tembo tukiwa kwenye mashua na kwenye gari la wazi. Gharama ni shilingi milioni nne na laki mbili kwa kila mtu. Nimelipa kianzio cha milioni moja, ambacho hakirudishwi, na salio linatakiwa mwisho wa mwezi huu.

Mume wangu sikumwambia. Nilikuwa ninasubiri siku nzuri. Siku hiyo haikuja, bali yeye mwenyewe, alipokuwa akitafuta mkasi kwenye droo ya cherehani, aliikuta pasipoti yangu mpya. Aliifungua ukurasa baada ya ukurasa, yote mitupu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Nanihii, unahama?"

Nilimweleza yote. Hakufoka. Aliuliza tu kama tembo wa Botswana wana masikio manne. Kisha akasema neno ambalo bado linanizunguka kichwani: "Madereva wenzangu wakisikia kwamba mke wangu amekwenda kumlipa dereva wa nchi nyingine amwonyeshe tembo, uso wangu nitauweka wapi?" Nami, kwa hasira, nikamjibu kwamba kama angenionyesha yeye, nisingemlipa mwingine. Alikaa muda mrefu, halafu akasema kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba anunue Land Cruiser lake mwenyewe atoke kwenye ajira, na kwamba pesa yangu ingetosha magurudumu na ziada. Aliuliza niliwezaje kulificha jambo kwa miaka mitatu ndani ya nyumba ya vyumba viwili na sebule.

Sasa ni wiki ya tatu. Tunazungumza habari za ada na mtungi wa gesi, basi. Mama yangu anasema radhi ya mume ni kubwa kuliko mto wowote. Wenzangu wa kikoba wanasema nikikosa safari hii nitazeeka nikifua kaki. Binti yangu amesema, "Mwambie baba naye aende." Nilicheka, lakini usiku huo sikupata usingizi, kwa sababu niligundua kwamba hata yeye hajawahi kuwa mgeni popote. Lakini safari ni ya wanawake watupu, na Oktoba bado ana kazi.

Je, niende bila moyo wake kuwa radhi, au niache na milioni yangu ipotee? Na je, kuficha fedha niliyoichuma kwa sindano yangu mwenyewe ni kosa?

Mke wa Dereva, Arusha


Majibu ya Mshauri

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa wiki tatu za ukimya, kwani ukimya wa ndani ya nyumba huchosha kuliko ugomvi.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nilipoirudia niliona mambo mawili yaliyosokotwa pamoja kama uzi wa rangi mbili kwenye kibiringo kimoja. La kwanza ni hamu ya mwanamke wa miaka 43, aliyefanya kazi tangu ujana wake, ya kuona kitu kikubwa kwa macho yake kabla miguu haijaanza kudai mapumziko. Hamu hiyo haihitaji kutetewa mbele ya mtu yeyote. La pili ni hamu ya kuonyeshwa na mtu mmoja mahususi, yule ambaye wageni humsifia subira yake kwenye kadi unazotafsiriwa na binti yako. Hamu ya kwanza ina bei, nayo umekwisha kutajiwa. Ya pili haimo kwenye ratiba ya safari yenu, na ninahofia kwamba unaweza kufika ukingoni mwa maporomoko, ukalowa chapachapa, na bado ukajikuta unageuka kumtafuta mtu wa kumwambia, "Umeona?" Huenda nimekosea. Lakini hebu ipime barua yako mwenyewe: maporomoko umeyapa sentensi mbili, na maji ya kufulia kaki umeyapa rangi.

Tuanze na mumeo, ambaye hayupo hapa kujitetea. Unaamini kwamba kwa miaka kumi na minne hakukupeleka kwa sababu hakujali. Baadhi ya visingizio vyake ni vya kweli. Kampuni nyingi haziruhusu gari la wageni kubeba familia. Kiingilio cha mwananchi ni sehemu ndogo sana ya kile anachotozwa mgeni, lakini gari, mafuta na siku zenyewe ndivyo vinavyokula fedha, kwani kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, na njia inapita ndani ya Ngorongoro ambako nako hulipiwa. Lakini pia nitakuwa sina haki kwako nisiposema kwamba Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko jirani yenu kabisa, kwamba mtu anaweza kwenda asubuhi akawaona twiga na nyati chini ya Mlima Meru na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni, na kwamba katika miaka kumi na minne siku moja kama hiyo isingekosekana. Kwa hiyo huenda kuna sababu nyingine ambayo hajaisema, na ambayo pengine hata yeye mwenyewe hajaitafutia maneno.

Fikiria porini ni nini kwake. Wewe unapaona kama mahali pa kustarehe ambapo hukualikwa. Yeye anaamka huko saa kumi na moja alfajiri, anakagua magurudumu, anasikiliza redio kujua wenzake wamemwona wapi chui, na kutwa nzima anabeba wasiwasi wa watu sita waliotoka mbali na ambao, wasipomwona simba, watamtazama yeye kana kwamba ndiye aliyemficha. Mtu wa namna hiyo akikuambia "tutakwenda", huenda anakusudia kweli, ila mwili wake unapokuwa mapumzikoni unakataa kurudi kazini. Nawe fundi unaijua hali hiyo: ni gauni zako ngapi zinasubiri kwa miaka mahali pa kushonwa, wakati za wateja zinatoka kila wiki? Silisemi hili ili kumsafisha. Ninalisema kwa sababu "hakujali" na "alichoka" ni mashitaka mawili tofauti, na sioni katika barua yako mahali ulipomuuliza ni lipi.

Na ule mzaha wa masikio manne usiuchukue kama dharau tu. Dereva wa miaka kumi na tisa anajua vizuri kwamba Chobe si Tarangire. Hesabu ya tembo iliyofanywa mwaka 2022 katika eneo la hifadhi linalounganisha Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe iliwakadiria kuwa takriban 227,900, na zaidi ya nusu yao walikuwa Botswana. Nchi hiyo ina tembo wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Tena, huko Chobe unawatazama ukiwa majini, umekaa chini kuliko wao. Kati ya Botswana na Namibia kuna kisiwa cha majani kiitwacho Sedudu, ambacho nchi hizo mbili zilikigombania hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua mwaka 1999 kwamba ni cha Botswana. Tembo hawakuisubiri hukumu hiyo, kwani wao huvuka kwenda kula majani yake wakiogelea mmoja nyuma ya mwingine, mikonga imeinuliwa juu ya maji kama mabomba, na ndama akiwa amebanwa katikati. Mumeo angependa kuliona hilo kuliko mtu yeyote kwenye kikoba chenu. Nadhani hapo ndipo panapouma.

Sasa kuhusu siri. Umeuliza iwapo kuificha fedha uliyoichuma mwenyewe ni kosa. Kisheria jibu halina utata, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kuchuma, kumiliki na kutumia mali yake mwenyewe sawa na mume. Lakini soma tena alichokuuliza. Hakuuliza fedha ni ya nani. Aliuliza uliwezaje kunyamaza miaka mitatu. Hilo ni swali la mtu aliyeogopa, na pasipoti yenye kurasa tupu mikononi mwa mwanamume ambaye kazi yake ni kuwapokea na kuwaaga watu wenye pasipoti inaweza kumtisha kuliko ulivyodhani. "Unahama?" Mimi sikulisikia neno hilo kama kejeli.

Hata hivyo, kuna jambo lingine katika barua yako ambalo ulilipita haraka. Unasema siku hiyo ndipo aliposema kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba ya kununua gari. Je, ulilijua hilo kabla? Kama hukulijua, basi mdogo wangu, ndani ya nyumba hiyo ya vyumba viwili na sebule kulikuwa na watu wawili wanaojibana kila mwezi, kila mmoja na droo yake, mmoja akitafuta namna ya kuondoka kwa siku nne na mwingine akitafuta namna ya kutolazimika kuondoka kwa amri ya tajiri. Sioni mwenye siri kubwa kuliko mwenzake.

Kuhusu safari yenyewe, ni vema uione ilivyo, kwa sababu siku nne kwenye karatasi huwa siku mbili na nusu kwenye ardhi. Siku ya kwanza itamezwa na uwanja wa ndege na ya mwisho vivyo hivyo. Siku ya Chobe mtaondoka hotelini mapema, mtakwenda kama kilomita 80 hadi Kasane, mji ulio mlangoni mwa Chobe, na katikati kuna mpaka wa Kazungula ambapo mtashuka, mtagongewa mihuri Zimbabwe, mtagongewa tena Botswana, na mtatakiwa kukanyaga kwa viatu vyenu kitambaa kizito kilicholoweshwa dawa, ili msiingize ugonjwa wa miguu na midomo kwenye nchi inayothamini sana ng'ombe wake. (Viatu vya kitambaa vyeupe viacheni hotelini.) Nusu ya siku ni mashua, nusu ni gari, katikati ni chakula, na kabla ya giza mmesharudi. Utakuwa na wanyama kwa saa sita hivi. Kwa mwingine hizo ni chache mno kwa milioni nne, na kwa mtu aliyesubiri miaka kumi na tisa zinaweza kutosha kabisa. Mwenye kulipima hilo ni wewe.

Oktoba nayo ina pande mbili. Kwa upande wa tembo ni mwezi mzuri sana, kwani vidimbwi vya ndani vimekauka na makundi yote yanashuka mtoni. Kwa upande wa maporomoko ni mwezi wa maji kidogo. Upande wa Zambia sehemu kubwa huwa ni mwamba mtupu unaong'aa kwa jua, na mmefanya vizuri kuchagua upande wa Zimbabwe, ambako maji hayakatiki mwaka mzima. Lakini moshi unaonguruma utakuwa moshi mdogo. Joto la mwezi huo ni kali, tena ukanda huo una malaria ambayo ninyi wa Arusha mjini hamjaizoea, hivyo muulizeni daktari kuhusu dawa za kinga mapema. Beba pia kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Viza kwa Mtanzania anayekwenda matembezi mafupi si tatizo katika nchi hizo.

Mambo ni kinyume chake katika Aprili na Mei. Maji ya Zambezi hufika kilele, pazia la zaidi ya kilomita moja na nusu linaanguka kwa ukamilifu wake kwenye shimo la zaidi ya mita 100, na manyunyu hupanda juu kiasi cha kuonekana kutoka mbali. Mimi nilifika mwezi Mei, nikakodi koti la mvua langoni, na kwenye baadhi ya vituo vya kutazamia sikuona chochote isipokuwa weupe, huku ngurumo ikinipanda kupitia nyayo. Nilirudi nimelowa hadi kitambaa cha kichwa, na nyani mmoja alikuwa amenipora mkate. Ninakutajia miezi hiyo kwa sababu moja: Aprili na Mei kwenu ni masika, kambi nyingi zinafungwa, na mumeo yuko nyumbani.

Binti yako, kwa hiyo, hakuwa anatania sana. Lakini usiipokee fikra hiyo kama dawa isiyo na madhara. Ukiahirisha hadi masika, utaipoteza milioni ya kianzio isipokuwa kama nafasi yako itachukuliwa na mtu mwingine, na utawapoteza pia wenzako kumi na mmoja, ambao kucheka nao njiani ni nusu ya safari. Tembo wa Chobe wakati huo hutawanyika, kwa kuwa maji yako kila mahali. Masika ndiyo miezi ambayo dereva hana tipu, kwa hiyo gharama ya watu wawili itaangukia wakati ambao nyumba inabana mkanda. Zaidi ya hayo, utakuwa umepokea ahadi nyingine ya "baadaye" kutoka kwa mtu ambaye ahadi yake ya kwanza ina miaka kumi na minne. Na akienda, je, atajua kukaa kiti cha nyuma? Ninamwona akimsahihisha yule kijana wa Kasane kila anapotaja jina la ndege, hadi wewe utamani kurudi kwenye cherehani.

Ukienda Oktoba pasipo moyo wake kuwa radhi, utaiona Chobe, na nina hakika utafurahi. Hatari ninayoiona haiko huko, iko kwenye kurudi. Utakuwa na mengi ya kusimulia, nawe utayasimulia kwa nani? Akikusikiliza kwa uso uliofungwa, simulizi itakukauka mdomoni. Lakini pia yawezekana kabisa kwamba siku ya tatu ataanza kuuliza maswali, kwanza kwa kejeli, kisha kwa sababu kazi yake imo damuni. Ndoa nyingi zimepona kwa mmoja kuondoka kidogo na kurudi, na nyingine hazikupona. Mama yako ana sababu ya kuizungumzia radhi. Ila radhi inayopatikana kwa kumkatia mtu hamu yake, sijui hukaa kwa muda gani kabla haijageuka kuwa kinyongo.

Ukiacha, milioni moja imekwenda, na hilo si dogo kwa fundi. Mimi ninaogopa zaidi ile kauli ya wenzako kuhusu kuzeeka ukifua kaki, kwa sababu hata kama ni ya utani, utaikumbuka kila utakapoona yale maji mekundu.

Kuna njia ndogo ambayo hukuitaja, nayo haiingilii uamuzi wowote kati ya hiyo. Kabla ya mwisho wa mwezi, mwombe siku moja. Usimwombe Serengeti wala Ngorongoro, ambazo zimeshabeba uzito mwingi mno. Mwombe akupeleke pale jirani, Hifadhi ya Arusha, hata kwa gari la kukodi kwa rafiki yake, na gharama ulipe wewe kutoka kwenye fungu la matembezi. Mwambie ungependa kumwona akifanya kazi ambayo wewe umeifua kwa miaka kumi na tisa. Anaweza kukataa, na kukataa huko kutakuambia jambo. Anaweza kukubali na siku ikawa mbaya, mvua ikanyesha, twiga wote wakageuza migongo, nanyi mkarudi kimya kama mlivyokwenda. Au mkiwa mmesimamisha gari mahali, amezima injini, anaweza kukuonyesha kwa kidole kitu ambacho usingekiona mwenyewe, na hapo pengine utajua kama Chobe bado unaitaka, na unaitaka kwa ajili ya nini. Nisingeshangaa kama jibu lingekuwa kwamba bado unaitaka vilevile. Hilo nalo lingekuwa jibu.

Wakati huohuo, nenda kwa mweka hazina wenu ukaulize mambo mawili kabla ya kutoa shilingi nyingine: kama jina linaweza kubadilishwa kwenye tiketi ya ndege na hadi lini, na kama viingilio vya maporomoko na vya Chobe vimo ndani ya ile milioni nne na laki mbili au vitadaiwa getini kwa dola. Vikundi vingi huligundua hilo la pili wakiwa wameshapanga foleni.

Na ile pasipoti itoe kwenye droo ya cherehani. Iweke juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu anaiona. Ukipenda kuniandikia tena, niambie alisema nini ulipomuuliza kuhusu hilo Land Cruiser: la mwaka gani, la rangi gani, na kiti cha mbele pembeni yake anapanga akae nani.